Ncha ya Nyonga ya Huguette

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimefeli! Mtihani wa vitendo, uuguzi mwaka wa pili. Kazi: kutafuta ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, pale ukingo wa mfupa unapoishia, chini kidogo ya mkanda. Kidole cha shahada juu ya ncha, cha kati kirudi nyuma kikifuata ukingo, sindano iingie katikati ya vidole hivyo. Rahisi! Nikabonyeza, nikatangaza: hii hapa! Madam Amito, mtahini wetu, akamwomba mgonjwa wetu wa kuigiza atoe vitu mfukoni.

Funguo za boda.

Ijumaa narudia mtihani. Nikikosa tena, narudia mwaka mzima. Naogopa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemwomba jirani yangu Huguette, fundi cherehani kutoka Bukavu, nifanye mazoezi kwake. Mwili anao, Mungu asifiwe. Na kutekenyeka! Kila nikimgusa anajikunja na kupiga yowe. Nikamwambia chuo kinatafuta wagonjwa wa kuigiza Ijumaa, chapati na soda bure. Akasonya. “Miye? Banifinyefinye juu ya chapati? Hapana!”

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru hapa kwetu, hakuna masomo. Bado sijaipata ile ncha. Nikalia, kweli.

Huguette akaacha cherehani. “Aoko, unatafuta mufupa sawa mwizi. Simama. Weka mikono ku kiuno, sawa unagombeza bwana.”

Sina bwana. Basi gombeza Madam, akasema.

Nikashika kiuno — ukingo ukakaa chini ya viganja, vidole vya mbele vikagota kwenye ncha. Ndivyo anavyopima suruali za watu, miaka kumi na miwili! Kitabu changu kina kurasa mia sita, hakitaji kugombana popote.

Akashika kiuno yeye mwenyewe, na uso wa ukali. Hakucheka hata nilipomgusa! Nikaipata, kulia na kushoto. Ya kushoto iko juu kidogo. Kumbe ndiyo maana sketi zake hupanda upande mmoja, naye siku zote analaumu pasi.

Ijumaa, 10 Oktoba, asubuhi

Niko kwenye benchi nje ya chumba cha mtihani. Wawili wametoka wakilalamika: mgonjwa anajikunja, hashikiki. Halafu kicheko ndani — nakijua kicheko hicho! Mwongo yule! Chapati, eti hapana!

Mlango umeachwa wazi. Yuko kitandani, ameniona. Kicheko amekimeza, kakunja uso kama nimemchomea kitenge. Mikono ameshaiweka kiunoni.

Madam anaita jina langu —