Chumvi ya Babu Yako

Yona, mume wangu mdogo,

Marahaba. Hapa Miyuji tu wazima, na dada yako amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza ule nini, au umeze vitamini gani, ili sigara isikudhuru. Babu yako naye aliniuliza hivyo tulipokuwa tumeoana karibuni. Nilimpa maziwa, ubuyu na mboga ya mlenda. Mwili ulinenepa, kikohozi kikabaki palepale. Na kila mlo aliongeza chumvi, akidai sijui kupika.

Mwishowe akaacha sigara. Alihangaika, hayo tuyaache. Siku moja alitia tonge mdomoni, akaniuliza:

"Mke wangu, leo umetia nini humu?"

"Ni mlenda uleule."

Akalinusa bakuli, macho yamemtoka kama mtoto aliyeona treni mara ya kwanza. Mpaka leo nastaajabu: ladha yote hiyo ilikuwa bakulini siku zote, ikimsubiri aache moshi uliomziba ulimi.

Vidonge kamuulize daktari, maana vingine humdhuru mvutaji. Mimi nimekuanikia mlenda. Ukija nitautia chumvi kidogo tu, kisha nitautazama mkono wako, kama utafuata kopo la chumvi.

Bibi yako