Bafta Uliyonitumia

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwa kakangu Sabir,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta huko Dubai ukiwa mzima, na lile goti lililokuwa likikusumbua limepoa. Huku twashukuru. Mama presha imeshuka, anakula vizuri, na bado anagombana na paka wa jirani kila alfajiri. Nami ni mzima. Nataka ulijue hilo kwanza, maana nasikia huko watu wanakupa pole kwa ajili yangu.

Bafta, hicho kitambaa cheupe ulichonitumia, nimeipata. Bi Mwanakhamis aliniletea aliporudi kutoka huko, pamoja na maneno yako: nikubali tu kwamba mume wangu ameshakufa vitani, nivae nyeupe, nikae eda, asomewe hitma, mambo yaishe. Mambo ya nani, Kaka? Maiti ya Mzamil sijaiona, wala sijamsikia mtu aliyemzika. Nilikwenda kwa kadhi, akaniambia mke hakai eda kwa uvumi. Basi kila asubuhi naenda Marikiti kwenye meza yangu ya viungo, na anayetaka kunisema aje, nimpimie bizari huku ananisema.

Wewe umeondoka zamani, hujui mtaa ulivyogeuka. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza, barazani kwetu walimshangilia Mrusi kama timu ya mtaa. Jamaldin, fundi cherehani wa hapo chini, alitundika bendera ya Urusi mlangoni, akasema huyu ndiye dume, atawatia adabu waliozoea kutia wenzao adabu. Rosebella wa ghorofani, yule afanyaye kazi bandarini, alikuwa upande wa pili, na kwa ajili hiyo wakawa hawasalimiani. Ulipompatia Mzamil kazi ya udereva huko Urusi, yeye na Ronny, mwana wa Rosebella, ugomvi ulisahauliwa. Wote walikuja kula pilau ya kuwaaga, na Jamaldin akarudia sahani.

Kisha ikaja ile picha ya Mzamil amevaa magwanda, ameshika bunduki. Walewale waliokula pilau wakamwita mamluki. Tamaa mbele, mauti nyuma, wakasema, na wateja wakawa wanaipita meza yangu bila hata salamu. Siku hizi habari za vijana wetu waliokufa huko zimejaa kila mahali, kina mama wanalia kwenye televisheni, na bendera ya Jamaldin imekuwa tambara la kupangusia cherehani. Sasa kila mtu alijua tangu mwanzo. Kumbe miaka yote hii nimeishi na mawalii, nami sina habari!

Bafta yako nilimpelekea Jamaldin huyohuyo. Alidhani nataka nguo ya eda, akaanza kunipa pole. Nikamwambia aikunje kingo tu, nataka bango. Akashona, kisha akatafuta rangi nyeusi akaandika kwa mkono wake: MZAMIL NA RONNY WALIPELEKWA NA NANI? Ijumaa baada ya swala tuliliinua, Rosebella ncha hii, mimi ncha ile, tukaanzia Makadara. Wako waliocheka. Wako walioteremka barazani wakatufuata. Jamaldin naye alikuja nyuma, macho chini, na sikumfukuza.

Swali lile nililiandikisha nikiwa tayari nalijua jibu, na hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Ronny alikuwa amesharudi. Mkono wa kulia hauinuki. Alikaa sebuleni kwetu mbele ya Mama, akasema hakukuwa na udereva wowote. Akasema ni wewe uliyewapokea Dubai, ukachukua pasipoti zao, ukawafanya watie sahihi karatasi za lugha wasiyoijua, na Mzamil alipokuuliza wanakwenda wapi, ukamwambia shemeji hauzi shemeji. Mara ya mwisho Ronny alimwona akipakiwa kwenye lori la majeruhi, mguu umevunjika, yu hai, anatukana. Huyo ndiye uliyetaka nimvalie nyeupe.

Kaka, nimelitaja jina lako kwa wapelelezi. Nimewapa lako, la baba na la babu, wasije wakamshika Sabir mwingine. Mama alinikumbusha kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Nikamjibu kwamba mla nami ndiye aliyepelekwa kufa, na aliyempeleka ni mzaliwa nami. Akaniambia basi niandike haraka, usije ukayasikia kwa watu.

Anakusalimu, na chumba chako bado anakifagia. Ukitaka kuja, njoo, ni kwenu. Lakini usiingie na pole mdomoni. Njoo uniambie lori lile lilikwenda wapi.

Nisalimie wifi na watoto, hao hawana kosa.

Wako dada,
Ummukulthum, mke wa Mzamil. Mke, si mjane.