Kikombe Nilichokiweka Chini

Jumapili, 12 Januari

Moyo unanidunda mpaka sasa, na si mapenzi. Kahawa! Nilikwenda kumjulia hali mama yake Mutasim — Mutasim ni mwenzangu kazini, tunafunga pampu za maji pamoja hapa Karak. Wakanimiminia kikombe kidogo, chungu kama shubiri. Nikanywa. Wakamimina tena. Nikanywa, adabu. Tena. Tena! Mwishowe Mutasim akanionea huruma: eti ukitosheka unakitikisa kikombe, usipotikisa wanajua bado unataka. Sasa mtu angejuaje? Mwaka wa pili huu niko Yordani na bado ni mtoto mchanga. Kwetu Sfax, Tunisia, ukitosheka unasema umetosheka, basi.

Na daktari alishanikataza kahawa kwa sababu ya tumbo. Nimeapa: siku nyingine nikipewa, nakipokea kikombe, nakiweka chini. Kimyakimya. Nani ataona?

Nikapita mkahawani kwa Wagih kula maharage, tumbo litulie. Nikamsimulia. Akacheka mpaka mwiko ukamponyoka ukatumbukia sufuriani. "Bibi injinia, mimi Mmisri nimezeekea hapa na bado sijawaelewa. Wewe kula tu."

Alhamisi, 16 Januari

Kwa Wagih kumefungwa. Mlango wa bati umeshushwa, kufuli nje. Nikadhani anaumwa. Muuza mkate wa jirani akaninong'oneza: amemgonga kijana wa watu na pikapu yake, kwenye mteremko wa ngome. Hakufa, alhamdulillahi, ila mguu umevunjika vibaya. Ni Sakhr, mtoto wa Abu Sakhr — ami yake Mutasim! Harusi yake ilikuwa iwe baada ya Ramadhani.

Masikini kijana. Masikini Wagih. Sijui nimhurumie yupi kwanza.

Jumamosi, 25 Januari

Nimekula kwenye mkahawa mpya wa kuku. Mhudumu akanipeleka nyuma ya pazia, sehemu ya familia. Familia gani? Mimi na chupa ya maji.

Mutasim anasema polisi wamemaliza yao, lakini ya polisi ni ya polisi. Ukoo haujasamehe. Na mpaka usamehe, Wagih haruhusiwi kufungua mkahawa wala kuonekana mjini. Amejificha kwa rafiki yake, mji wa Madaba. Ikipita wiki hii bila suluhu, mwenye nyumba atampangisha mtu mwingine, naye Wagih atarudi kwao Minya, Misri, mikono mitupu. Wazee wamekwenda kumwombea, wamerudishwa.

"Si uende wewe ukaseme na ami yako?" nikamwambia.

Akanitazama kama nimemtukana. "Mimi ni wa ndani. Wa ndani haombi."

Sikuelewa. Naandika ili nisije nikasahau kwamba sikuelewa.

Ijumaa, 31 Januari

Leo sijui nimefanya nini. Ngoja nianze mwanzo.

Abu Sakhr alinialika chakula cha mchana, kunishukuru — pampu ya mtaa wao nimeitengeneza, maji yamerudi. Nikasita, nyumba ina mgonjwa. Mutasim akasema usipokwenda umemvunjia heshima. Nikaenda.

Sinia la mansafu katikati: wali, kondoo, mtindi wa moto unamwagwa juu. Wanaume tupu, wamelizunguka wamesimama, na mimi. Mkono wa kulia tu — unafinyanga tonge, unalitupia kinywani, vidole visiguse midomo. Langu likaishia kwenye mkono wa koti. Wakajifanya hawakuona. Abu Sakhr mwenyewe ananichambulia nyama, ananisogezea. Mzee mpole kweli.

Kisha kahawa. Mutasim akamimina. Nikapokea, nikakiweka kikombe chini mbele yangu, kama nilivyoapa.

Maongezi yakakatika. Yote! Nikawa nasikia jiko la mafuta tu linaguruma.

"Kunywa kahawa yako, binti yangu," akasema Abu Sakhr.

"Nitakunywa, ami. Baadaye."

Akaniuliza, "Una neno?"

Neno gani tena? Nikadhani wamenuna kwa vile mgeni kakaa bubu, mzee anataka mazungumzo. Nikafanya mzaha. Ulimi wangu huu! Nikasema, "Neno langu ni moja tu, ami. Nina hamu na maharage ya Wagih."

Mungu wangu, uso wa yule mzee! Nilitamani ardhi ipasuke. Mwanawe kalala chumba cha pili na vyuma mguuni, na mimi nataja maharage. Akainama, akashika ndevu. Wanaume wanamtazama yeye, si mimi. Halafu taratibu, sauti imekauka: "Kunywa kahawa yako. Umepata."

Nimepata nini? Nikanywa. Wote wakaanza kumwombea Abu Sakhr baraka, mmoja akajifuta machozi. Kwa maharage?

Wakati wa kutoka nilimkuta mkewe, Umm Sakhr, ukumbini, amebeba beseni la maji ya kumwosha mgonjwa. Hakuitikia salamu yangu.

Jumapili, 2 Februari

Wagih kafungua! Kanibusu mkono mbele ya wateja, analia, anapiga kelele, "Huyu ndiye! Huyu ndiye!" Ndiye nani? Nikamkokota Mutasim nje: niambie.

Kumbe! Mgeni akiweka kahawa chini bila kuinywa, ana ombi zito. Hainywi mpaka akubaliwe. Na mwenyeji akimkataa mgeni aliyemwalika mwenyewe, aibu ni ya ukoo mzima.

"Ulicheza vizuri," Mutasim ananisifu. "Hata kutaja maharage badala ya damu! Wazee wanasema hawajasikia ombi la adabu kama lile."

Nikamwambia sikujua, ni daktari tu kanikataza kahawa kwa ajili ya tumbo. Akacheka: haya, hukujua. Wallahi sikujua! Akaacha kucheka.

"Basi funga mdomo, Raudha. Ami akijua, atakuwa ametoa haki ya mwanawe kwa sababu tumbo lako linauma."

Sahani yangu haikuisha.

Jumatatu, 3 Februari

Sokoni sasa ni "binti yetu". Mama wa mboga kanipa matango, kakataa kulipwa. Najiona mwizi. Au mfadhili? Watoto wa Wagih watakula, hilo si baya! Lakini Sakhr nani alimuuliza? Na mama yake?

Alhamisi, 6 Februari

Naandika nimesimama, jikoni, karibu na sinki. Umm Sakhr yuko sebuleni kwangu!

Kaja peke yake. Mlangoni akasema, "Ulikula kwangu, nami nimekuja kwako." Karibu mama, karibu. Nikachemsha kahawa, ile ile yao chungu, na iliki. Nikammiminia. Nikaanza: mama, siku ile, nisikilize, mimi nilikuwa — akainua kiganja. Akapokea kikombe kwa mkono wa kulia. Akakiweka chini.

Wanawake nao hufanya hivi? Mutasim hakuniambia kama wanawake hufanya hivi!

Nikasema nafuata sukari. Kahawa hii haitiwi sukari. Anajua. Anajua kwamba najua.

Atataka nini? Nimtoe Wagih mjini? Nikatoboe ukweli mbele ya wanaume wote? Au daktari kamkataza naye?

Nimechungulia. Kikombe kiko palepale, mvuke umeisha. Kakaa wima, mikono mapajani, anatazama mlango wa jikoni. Hana hasira. Hilo ndilo linanitisha.

Nikimwuliza ana neno gani, sitakuwa na pa kukatalia. Mumewe hakuwa na pa kukatalia.

Sasa ananiita. "Binti yangu, njoo. Kahawa inapoa."

Nakwenda. Sina hata sukari mkononi.