Udongo Ule wa Kijitoni

Rubondo, Nakivale

Mama yangu mpenzi,

Kwanza pole ya mgongo, najua huko ni wakati wa kulima. Malaria imekuacha? Sisi tunapumua, Mungu anatulinda. Nimechoka tu. Siku tatu za juma nafua nguo Mbarara, zingine niko shambani na Neema mgongoni.

Mama, usimpe tena mdogo wangu Furaha ule udongo wa kijitoni anaokula. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Mwanamke ninayemfulia ni mtu wa kwetu. Alisoma kemia Bukavu, kisha Ulaya akasomea vile vitu vinavyoumbika: udongo, chuma, kioo. Sasa anafundisha chuo kikuu. Anachochunguza ni kidogo mno. Anasema unywele mmoja kando yake ni kama mti mzima. Siku moja alinikuta natafuna kipande ulichonitumia.

"We dada, unakula kazi yangu!" Akacheka. "Uko na mimba?"

"Hapana, maman. Ni mazoea tu, tangu mimba ya Neema."

Akaomba kidogo, akakituma kule alikosomea, kwenye mashine inayoona vidogo hivyo. Picha ikarudi. Mama, udongo ule ni kurasa, kurasa juu ya kurasa, kama Biblia isiyo na maandishi. Katikati yake kuna nukta nyeupe nyingi, zinang'aa, kama zinakuangalia.

"Hizi ni nini?"

Hakucheka tena. "Sumu ya madini. Batu banaosha dhahabu juu ya kijito chenu?"

Wanaosha, si ndiyo? Nikamuuliza kama inamfikia mutoto tumboni. Akasema vidogo namna hiyo havihitaji mlango. Kama ndivyo vilivyomfanya Neema vile, hajui. Neema ana miaka miwili, ukimwita hageuki. Anatazama fasi moja ukutani, anatabasamu. Nami nageuka kutazama: ukuta mtupu.

Si kosa lako. Bibi alikula, wewe ulikula, tukazaliwa wazima. Wakati ule hakukuwa na kuosha dhahabu. Uliobaki niliufukia nyuma ya nyumba. Kuku hawachakuri pale, na ulimi wangu bado unautaka.

Furaha atalia, atasema moyo unamchafuka. Muache alie. Mpe ndimu. Usimfichie hata kipande kwa huruma, nakujua, Mama.

Nisalimie baba mdogo na mchungaji wetu. Muulize Furaha kama mutoto anacheza tumboni. Unijibu neno hilo tu, kwa mkono wa huyu anayekuletea barua. Nitamngoja barabarani.

Binti yako,
Mama Neema