Saini Yenye Mkia

Kambini, mbele ya Walikale, Jumapili baada ya misa

Mama Mapendo wangu,

Pokea salamu kabla ya maneno, kwa maana maneno ni mengi leo na sitaki salamu zifunikwe. Mguu wako unakanyaga vizuri sasa? Mapendo ameacha kukohoa? Na maharage ya kule juu karibu na mwamba, umeyavuna au mvua imeyaozesha tena? Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho sijui nikuambie nini juu yake.

Barua hii inakuja mkononi mwa kaka yako Ndoole. Wanarudi wote saba niliowatoa kwetu, kwa miguu, kupitia Ntoto na Kibua. Mimi nabaki. Ndoole akifika amenuna, mpe chakula kwanza, halafu mwite mwalimu akusomee mbele yake hadi mwisho. Maana utasikia kisimani kwamba Bahati amekula franga za mshahara wa watu. Sikuzila. Lakini siwezi kusema kwamba sina kosa, na hapo ndipo akili yangu inapojikwaa.

Mwalimu, najua ni wewe unayesoma. Usiruke mistari, na usitabasamu. Ubishi wetu kuhusu magazeti ya misioni tutaumaliza siku nyingine.

Mke wangu, unanijua. Mimi ni mtu wa kumjua adui yangu kabla uji haujapoa. Nimebishana na padri juu ya kazi za bure za Jumamosi, nikabishana na mtawala juu ya faini ya pamba, na kila mara nilijua nimesimama wapi na yeye amesimama wapi. Safari hii nimepiga kelele miezi mitatu, na sasa natazama nyuma sijui nilikuwa nampigia nani.

Kazi yetu ni kujenga nyumba kumi na mbili za matofali kwa wafanyakazi wa machimbo. Udongo wa huku ni mzuri kuliko wa kwetu, lakini msitu haukaushi kitu. Unatoa tofali asubuhi, jioni bado linalia maji. Hata hivyo tulichoma matanuru manne, tukapandisha kuta. Chakula tunapewa na kambi: unga wa muhogo, mawese, samaki wa chumvi. Mwanzoni biro, ile ofisi ya kuandika watu wa kazi, ilitupa malipo kidogo ya kuanzia, nikayagawa mbele ya wote, hakuna aliyelalamika. Baada ya hapo, kimya. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Nikaenda kwa Mzungu wa kambi. Akasema, "Watu wa biro ndio waliokuleta, waulize wao." Nikamngoja karani wa biro, Alfonsi, yule anayekuja na lori. Akasema, "Papa, mimi niko naleta barua tu. Uulize kambi." Ndipo nikakaa na kalamu. Niliwaandikia biro na kambi barua tatu kwa Kifaransa, Mama Mapendo, barua ambazo zingechoma karatasi! Nikawaita wanyonyaji, nikawauliza kama sheria ya kazi iliandikwa ili panya waile. Kila barua niliwasomea wenzangu nikiwa nimesimama juu ya rundo la matofali, nikawatafsiria neno kwa neno. Walipiga makofi. Ndoole alikuwa anasema, "Shemeji, hiyo ya leo itawaumiza tumbo!" Nilifurahi sana siku zile. Naona haya kukuandikia kwamba nilifurahi.

Wiki iliyopita Bwana wa biro alikuja mwenyewe. Akaweka meza mbele ya nyumba ya mizani, akafungua kitabu kikubwa, Alfonsi akaanza kuita majina. Wachimba mitaro wakaitwa, mmoja mmoja, wakalipwa. Wakata miti wakaitwa, wakalipwa. Watu wa Kirotshe waliofika nyuma yetu, wakalipwa. Sisi tumesimama kwenye jua, tunangoja. Kitabu kikafungwa.

Nikasogea na sauti yangu yote. Nikasema jina la Ndoole, la Papa Baeni, la wengine. Alfonsi akafungua tena kitabu, akanionyesha.

"Hawa bantu yako haiko mu kitabu, Papa. Mu kitabu iko wewe tu. Wewe njo patron yao."

"Patron wa nani? Mimi si tajiri wa mtu, mimi ni fundi!"

"Bale walitia kidole, biro inawalipa kila mwezi. Wewe ulisaini kontra, mukataba ya nyumba. Nyumba ikiisha, ikiangaliwa, tunakulipa. Na wewe unawalipa."

Nikamwambia nyumba zote kumi na mbili zimesimama, aende akaziguse. Akasema hazina paa. Nikasema mabati hayajafika. Akasema ndiyo, hayajafika. Nikauliza, nani analeta mabati? Akamtazama Bwana wake. Bwana akasema kwa Kifaransa, polepole kama anayemwambia mtoto, kwamba mabati yataletwa na biro, barabara ikikauka.

Basi hebu nisaidie, wewe mwenye akili iliyotulia. Biro hainilipi kwa sababu hakuna paa. Paa hakuna kwa sababu biro haijaleta mabati. Kambi inasema haidaiwi kitu mpaka biro iikabidhi nyumba. Kila mmoja ananionyesha karatasi, na karatasi ya kila mmoja inasema kweli. Nimezunguka humo kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti mpaka kamba ikaisha. Na nilipofika mwisho wa kamba nikakuta nini? Jina langu.

Maana nilisaini mimi. Wewe hukuwepo, na niliporudi nyumbani nilikusimulia kwa majivuno, kwa hiyo nisimulie tena vizuri. Siku ya kuandikwa, tulipanga mstari pale bironi. Muganga ametupima, kila mtu anaitwa, anashikwa mkono, kidole gumba kwenye wino, kidole kwenye karatasi, anasukumwa pembeni. Ndoole alikuwa wa kwanza wetu. Kidole chake kilikuwa tayari cheusi. Mimi nikauruka mstari, nikamkamata mkono hapa kwenye kifundo, nikapiga kelele, "Acha! Sisi hatuko ng'ombe ya kupigwa chapa!" Nikasema tuna mtu anayejua kusoma, tutafanya kontra ya watu, si ya wanyama. Alfonsi akacheka, akatoa karatasi nyingine. Niliisoma yote kwa sauti, kila mstari, hata ule wa kulipwa nyumba zikiisha kuezekwa. Nikasaini kwa niaba ya wote, ile saini yangu unayoijua, yenye mkia unaorudi chini ya jina lote. Ndoole alifuta wino wake ukutani. Jioni walinunua pombe ya kasiksi, wakaniita mheshimiwa.

Nilidhani ninawatoa kwenye kitabu cha watumwa. Niliwatoa kwenye kitabu cha kulipwa. Je, nilikosea kusema kwamba kushikwa mkono vile ni aibu? Bado naona ni aibu! Na waliokubali aibu ile wamelipwa, wamenunua chumvi na blanketi. Sijui nifanye nini na mambo haya mawili. Nikiyaweka pamoja yanapigana.

Tuliporudi kwenye kibanda chetu hakuna aliyenipiga. Ningependa wangenipiga. Ndoole alikaa juu ya ndoo, akasema taratibu, "Shemeji, ile saini yako ilikuwa muzuri sana. Ilikuwa na mukia. Leo tukule mukia?" Wengine wakacheka, kicheko kile kisicho na meno. Nikaanza kujibu, nikaanza na ukoloni, nikaanza na sheria. Papa Baeni, ambaye unajua haongei, akainua mkono.

"Bahati, mimi sijui kusoma. Lakini ningeuliza, mabati inatoka wapi?"

"Na kwa nini haukuuliza siku ile, Papa?"

"Ulikuwa unasoma na sauti kubwa. Nani angekukata?"

Mama Mapendo, nimejibu wazungu, mapadri na makarani. Papa Baeni nilimsogezea sahani yangu ya muhogo.

Sasa nimeamua, na sehemu moja ya uamuzi iko mikononi mwako. Wao wanarudi, kwa maana msimu wa kupanda hauwangoji, na kuezeka nyumba naweza kwa vibarua wawili wa hapa. Mimi nitabaki mpaka mabati yaje, niezeke, nilipwe, nilete cha kila mtu. Naweza kukaa mwezi, naweza kukaa mvua nzima. Lakini nyumba saba za huko kwetu zilitegemea mkono wangu, na wake zao hawawezi kupika barua. Maharage ya kwenye ghala lako ni ya jembe lako, si yangu. Sijawahi kuyagusa bila kukuuliza na leo siyaamuru. Nakuomba. Wagawie wale saba kadiri utakavyoona, ukiacha mbegu na chakula cha Mapendo. Ukikataa, sitakulaumu, nitajua tu kwamba nimekuomba kilichozidi. Ila usikubali mtu akuambie mumeo ni mwizi. Mjinga, wakisema, nyamaza kidogo.

Nisalimie mama mkwe, mwambie mtoto wake Ndoole amekonda lakini ni mzima, na ameniongelea vibaya kwa haki. Msalimie katekista, na dada yangu wa kule bondeni. Asiuze kuku wake kwa ajili yangu. Mapendo umshike masikio yote mawili kwa niaba yangu. Mwalimu, asante, umefika karibu na mwisho.

Jana niliandika karatasi saba, moja kwa kila mtu: mimi fulani nina deni la fulani, kazi ya miezi mitatu. Nilipotaka kusaini, Ndoole akaniambia, "Hapana. Ile mukia hatuiamini tena." Akakwangua masizi ya sufuria, akayachanganya na mawese, akanikamata mkono pale pale nilipomkamata yeye. Akakandamiza kidole changu gumba mara saba. Mara ya saba akanitazama, karibu acheke. "Unaona sasa, shemeji? Haiumi."

Iliuma, mke wangu.

Kwa hiyo hapa chini sikuweka jina. Mwalimu akimaliza, mwambie akupe karatasi mkononi mwako. Utaona kidole cheusi, na katikati yake mstari mweupe: ni lile kovu la panga ulilonifunga kwa jani la mgomba mwaka tulipojenga jiko. Hapo mwalimu hawezi kukusomea kitu. Soma mwenyewe.