Nondo Uliyoikata Butiama

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa chumbani kwangu Kabasa, hapa Bunda, Jumapili mchana. Asubuhi nilimpigia mama, tukaongea habari za mahindi na za mafua yake, basi. Habari za kazi yangu haulizi. Tangu uzikwe kule Mwisenge, nikitaja umeme tu analia. Kwa hiyo ngoja nikwambie wewe.

Unakumbuka nilivyoanza? Nina miaka kama tisa, umenisimamisha juu ya stuli, umenipa tesita. "Gusa hapa. Imewaka? Basi huo una moto, huo unaua." Watu walikuwaga wanakucheka pale mtaani, eti fundi mzima huna mtoto wa kiume wa kukubebea ngazi. Ukawajibu, "Huyu atakuja kuwapimia ninyi wote." Weee! Nilivimba kichwa wiki nzima. Ukanisomesha mpaka chuo kwa kufunga nyaya kwenye nyumba za watu, wewe ambaye hata cheti hukuwa nacho.

Nilipopata kazi kwa mkandarasi hapa Bunda, ulikuja na fomu ya umeme ya nyumba uliyoifunga nyaya kule Butiama, ya yule mwalimu mstaafu. Ulitaka muhuri tu. Ndivyo ilivyokuwaga: fundi wa mtaani anafunga nyaya, mwenye leseni anagonga muhuri bila hata kuiona nyumba. Nikasema lazima nikapime. Ukacheka. "Twende, injinia wangu."

Kipimo kikakataa. Na sababu niliijua kabla sijainama. Ile nondo ya shaba inayozikwa ardhini, ili umeme ukivuja ukimbilie huko usimpige mtu, nilikushikiliaga mara ngapi ukiigonga kwa nyundo? Kwetu Mara ni mawe matupu. Siku moja kule Suguti iligoma nusu, ukaikata kwa msumeno, ukafukia, ukaniambia, "Hii ya mimi na wewe."

Butiama nilifukua kwa mikono. Nikakishika kile kipande, nikasema kwa sauti, mbele ya mwalimu na mkewe na mafundi wawili wa jirani, "Imekatwa. Nyumba hii siipitishi."

Ulifuta mikono kwenye suruali, ukamwambia mwalimu, "Mtoto ana haki," ukaenda kusimama barabarani kungoja bodaboda.

Baada ya pale ukaanza kuniita injinia. Si injinia wangu tena, injinia tu. Nikija nyumbani, "Karibu injinia. Mpeni injinia kiti." Kwa adabu kabisa, kama mgeni wa serikali. Ungenigombeza ningeshukuru. Miezi ikapita hivyo hivyo, nami kwa kiburi changu nikasema nitangoja wewe uanze. Kisha presha ikakuangusha. Nilikuwa saiti, simu nimeizima. Nilipofika Musoma nikakuta wanaume wanarudi kutoka makaburini.

Sasa hivi nasonga ugali wa mtu mmoja, na bado unabaki. Mafundi wananiogopa, nikiingia saiti stori zinakatika, kila mtu anashika kazi. Wiki iliyopita mota ya mashine ya kusaga ilinisumbua kutwa nzima, nikashika simu nikupigie. Nilishaifikia namba yako ndipo nikakumbuka. Nilikaa chini palepale kwenye pumba, baba, nikalia.

Kazini wananiambia nilifanya sawa. Najua. Wajukuu wa yule mwalimu wanaogaga peku kwenye sakafu iliyojaa maji. Nyumba ile nisingeipitisha hata leo, hata ungenipigia magoti.

Lakini kukuita pembeni kulinishinda nini? Hatua kumi tu, nyuma ya tanki la maji. Ningekwambia polepole, "Baba, hii tuirudie, mimi na wewe." Ungechukua sururu saa ileile, nakujua. Tungetafuta mahali penye udongo, tukachimba mpaka Magharibi, na mwalimu asingejua kitu.

Miaka yote hii najiambia kwamba ilikuwa usalama. Usalama ulikuwepo, ndiyo. Ila kupaza sauti kule hakukuwa usalama. Nilitaka wale watu wamwone injinia. Wakamwona, baba. Na wewe ukamwona.

Nisamehe. Mungu akulaze mahali pema.

Ni mimi,
mwanao.