Honi ya Kamyo ya Papa

Asha mujukuu wangu,

Pokea salamu za huku Beni. Tuko wazima. Kikohozi yangu ilipungua, na mama yako anavuna maharagi.

Uliniuliza: "Koko, kama hakuna habari, nipige simu juu ya kusema nini?"

Mi pia, kama wewe, nilisoma ku internat, masomo ya kulala mbali na nyumba, kule Butembo. Papa yangu alikuwa dereva wa kamyo, anabeba viazi toka mashamba ya Kipese. Kila akipita mbele ya internat yetu alipiga honi, na mi nikajua eko muzima. Njia ya wakati ile haikuwa ya kuaminia.

Siku moja, ku dirisha ya klasi, niliona kamyo ya papa inapita kimya. Saa ya chakula nilishindwa kula. Kisha batoto benzangu bakaniita: "Papa yako eko ku mulango!" Alikuwa ameacha kamyo ku soko, akarudi na miguu, matope mpaka ku magoti.

"Ni honi ilikufa, mama," akasema. "Hapana mimi."

Akanishika kichwa, akaenda zake.

Basi piga tu, mujukuu. Ata useme "niko", ukate. Itatosha.

Koko yako